Mwaka wa mtoto, mwaka wa mtu mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hisia ya muda

Mtoto akiambiwa zimebaki wiki mbili likizo ianze, hunyong'onyea kana kwamba ameambiwa miaka miwili. Mzazi akisikia wiki mbili hizo hizo, roho humruka: siku zimekwisha na hajaandaa chochote. Maswali yafuatayo huulizwa zaidi na wazazi, walimu, na watu waliogutuka siku moja wakakuta mwaka umekatika.

Je, ni kweli kwamba kwa mtoto muda unakwenda polepole?

Humu mna maswali mawili, na ubishi mwingi hutokana na kuyachanganya. La kwanza linahusu muda unaopita sasa: mtu ameketi anangoja, dakika kumi anazionaje? La pili linahusu muda uliokwisha kupita: akiutazama nyuma mwezi mzima au mwaka mzima, anauona mrefu au mfupi?

Majibu huweza kupishana kwa mtu yule yule. Siku ya kushinda kitandani bila la kufanya hujikokota, lakini mwezi ukipita huikumbuki, ni kama haikuwapo. Siku ya safari hupita kufumba na kufumbua, nawe ukianza kuisimulia hufiki mwisho. Muda wa kungoja hurefuka kadiri unavyoukodolea macho. Muda wa kukumbuka hurefuka kadiri ulivyoacha mambo kichwani.

Sasa mweke mtoto hapo. Kungoja hajui, maana bado hajajifunza kuyapeleka mawazo yake kwingine. Kukumbuka anakumbuka mengi, maana kila wiki ina jambo analolikuta kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo muda wake ni mrefu akiutazama mbele na mrefu akiutazama nyuma. Mtu mzima yeye hulalamika mchana kwamba saa haziendi, kisha Desemba akauliza mwaka umekwenda wapi, wala haoni kwamba anajipinga.

Mtoto huanza lini kuhisi muda?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wanaopima watoto wachanga kwa kutazama macho yao yanakaa wapi na kwa kitambo gani wamegundua kwamba mtoto wa miezi 6 hutofautisha vipindi viwili ikiwa kimoja ni mara mbili ya kingine. Akifika miezi 10, tofauti ya mbili kwa tatu inamtosha. Hajui neno lolote la muda, hajui saa wala siku, lakini anahisi kwamba hiki kimekawia kuliko kile.

Kwa hiyo hisia ipo tangu mwanzo, ila haijanolewa. Kinachochukua miaka ni kuinoa na kuiunganisha na maneno.

Kwa nini mtoto wa miaka minne husema "jana" kwa jambo la mwezi uliopita?

Kwa sababu amejifunza nusu ya neno. Ameshajua kwamba "jana" iko nyuma na "kesho" iko mbele. Bado hajajua ni nyuma kiasi gani. Kwake "jana" ni jina la yote yaliyopita, na "kesho" ni jina la yote yajayo, pamoja na siku atakayokuwa rubani.

Umbali kamili wa maneno haya huja taratibu, na mara nyingi haukamiliki mpaka mtoto ameanza shule. Kiswahili kinampa kazi kubwa kidogo: kuna jana, juzi, na mtondo unaofuata baada ya keshokutwa, kisha mtondogoo baada yake. Watu wazima wengi wenyewe hawana hakika na mtondogoo, basi tusimcheke mtoto.

Kwa nini mtoto huchanganya muda na umbali?

Hili ndilo swali lililomshughulisha Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Mwaka 1928, kwenye mafunzo ya kimataifa huko Davos, Albert Einstein alimwuliza: je, mtoto huanza na hisia ya muda kisha akaelewa mwendo kasi, au huanza na mwendo kasi? Piaget alikwenda kulichunguza, na kitabu chake juu ya watoto na dhana ya muda kilitoka mwaka 1946.

Jaribio lake mtu yeyote anaweza kulirudia mezani. Chukua vigari viwili. Viondoe pamoja, visimamishe pamoja, lakini kimoja kiende kasi zaidi ili kifike mbali. Mwulize mtoto wa miaka mitano kipi kimetembea kwa muda mrefu zaidi. Mara nyingi atakionyesha kilichofika mbali. Ukimwuliza kama vilisimama wakati mmoja, huenda akakataa, ingawa ameona kwa macho yake. Ni hivyo hivyo na umri: wengi wa rika hilo huamini kwamba aliye mrefu ndiye aliyezaliwa kwanza.

Kabla ya kumwona mtoto mjinga, tusikilize lugha yetu. Tunasema "muda mrefu" na "mtu mrefu" kwa neno moja. "Mkubwa" ni wa umbo na ni wa umri. Ukimwuliza mtu mzima kituo kiko mbali kiasi gani, atakujibu "mwendo wa saa moja", amejibu umbali kwa muda wala hakuona tatizo. Mtoto anapita njia hiyo hiyo, ila anaipita kinyume: anajibu muda kwa umbali. Tofauti ni kwamba mtu mzima anajua lini njia hiyo inampoteza.

Video mbili, kila moja dakika moja. Mtoto na mtu mzima wataziona sawa?

Hapana, na matokeo haya ndiyo ninayoyapenda kuliko mengine yote. Mwaka 2023 Sandra Stojić, Vanja Topić na Zoltan Nadasdy walichapisha jaribio walilolifanya kwa makundi matatu: watoto wa miaka 4 hadi 5, watoto wa miaka 9 hadi 10, na watu wazima. Wote walionyeshwa video mbili zenye urefu sawa. Moja ilikuwa na heka heka nyingi, nyingine ilikuwa ya jambo moja linalojirudia. Kisha waliulizwa ipi ilikuwa ndefu.

Wadogo kabisa walielekea kusema ile yenye mambo mengi. Wa miaka 9 na 10, pamoja na watu wazima, walielekea kusema ile ya kuchosha. Yaani walipinduana.

Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto mdogo hupima muda kwa kile anachoweza kukisimulia. Video ya heka heka ina hadithi ndefu, basi na yenyewe ni ndefu. Mkubwa zaidi ameshajifunza kuufikiria muda kama kitu kinachopita chenyewe, kiwe kimebeba kitu au hakikubeba, na hurudi kujiuliza ni mara ngapi alitamani kiishe. Hakuna kati yao anayepima muda wenyewe. Kila mmoja ana kipimo cha kuazima, na vyote viwili vilikosea, maana dakika ni dakika.

Waliombwa pia waonyeshe urefu huo kwa mikono. Watu wazima walipanua mikono kulia na kushoto, kama wanaopima kitambaa. Kwa watoto wadogo kabisa ishara hiyo ya ulalo haikuwa imetulia; baadhi yao walionyesha kwa kwenda juu. Inaelekea hata mstari ule tunaouchora vichwani, wa muda kulala kama barabara, tunafundishwa.

Ni umri gani mtoto hukadiria muda kama mtu mzima?

Kwa vipindi vifupi vya sekunde chache, karibu miaka minane. Mtafiti Mfaransa Sylvie Droit-Volet na wenzake wamefanya kazi nyingi hapa. Mtoto huzoeshwa ishara mbili, tuseme moja ya sekunde 2 na nyingine ya sekunde 8. Kisha huonyeshwa za katikati na kuulizwa kila moja inafanana zaidi na ipi. Watoto wa miaka 3 na 5 hulielewa zoezi na hujibu kwa mpangilio, lakini majibu yao hutawanyika. Wa miaka 8 hukaribia watu wazima.

Kilichobadilika katikati si "saa ya ndani" ya kichwani peke yake. Umakini umekua, kwa hiyo mtoto hapotezi sehemu ya kipindi kwa kutazama nzi ukutani. Kumbukumbu ya muda mfupi imekua, kwa hiyo kile kipindi cha mfano hakimponyoki. Tena kuna hila moja ambayo watu wazima huitumia bila kujua kwamba ni hila: kuhesabu kimoyomoyo. Mtoto wa miaka 5 hahesabu mpaka aambiwe. Kuanzia miaka minane hadi kumi hivi wengi huanza wenyewe. Ndiyo maana watafiti wakitaka kupima hisia tupu huwakataza washiriki kuhesabu, na wakishawakataza, ubora wa mtu mzima hupungua.

Hiyo "saa ya ndani" ni kitu gani hasa?

Ni mfano wa kuelezea; usiitafute kama ungetafuta figo. Hakuna kiungo kimoja cha muda kama jicho lilivyo la kuona. Sehemu kadhaa za ubongo hushirikiana, na sehemu ya mbele, ambayo ni ya mwisho kukomaa, ni mojawapo.

Mfano huo ulipata nguvu mwaka 1933, Hudson Hoagland, mwanafiziolojia Mmarekani, alipouguza mke wake mwenye homa. Alitoka kidogo kwenda dukani, naye mgonjwa akasisitiza kwamba amekaa sana. Hoagland, badala ya kubishana, alimwomba ahesabu sekunde huku akimpima joto. Kadiri homa ilivyopanda ndivyo alivyohesabu haraka. Saa yake ya ndani ilikuwa ikienda mbio, kwa hiyo dunia ilionekana inachelewa. (Hatujui mgonjwa mwenyewe alilionaje jambo hilo la kuhesabishwa.)

Basi mtu mzima ana uhakika na muda?

Ana saa mkononi. Mnyang'anye, uone.

Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre, mtaalamu wa miamba aliyekuwa na miaka 23, aliingia katika pango la Scarasson, kwenye milima ya Alps, akakaa humo takriban miezi miwili bila saa wala mwanga wa jua. Alipoambiwa jaribio limekwisha ilikuwa Septemba 14. Yeye kwa hesabu zake ilikuwa Agosti 20. Wiki tatu na ushei zilikuwa zimemponyoka. Alipoombwa ahesabu mpaka 120, namba moja kwa kila sekunde, alitumia kama dakika 5.

Huyu hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima, msomi, aliyekuwa akijichunguza kwa makusudi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uwezo wa mtu mzima kujua muda ni vitu vilivyomzunguka: jua, kengele, ratiba, watu wanaopita nje wakielekea kazini. Mtoto anaishi katikati ya vitu hivyo hivyo ila bado hajui kuvisoma.

Nimesikia mwaka huwa mfupi kwa sababu ni sehemu ndogo ya umri wako. Ni kweli?

Wazo hilo huhusishwa na mwanafalsafa Mfaransa Paul Janet, aliyeandika juu yake mwaka 1877. Kwa mtoto wa miaka 5 mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake yote. Kwa mtu wa miaka 50 ni asilimia 2 tu. Lina mvuto, na hesabu yake haina kosa.

Mimi halinishawishi. Lifuate mpaka mwisho: kama urefu wa kipindi unakwenda kwa uwiano wa umri, basi siku moja ya mtu wa miaka 50 ingekuwa sehemu ya kumi ya siku ya mtoto wa miaka 5, yaani saa mbili na nusu hivi. Hakuna mfanyakazi anayeiona siku ya kazi hivyo. Halafu halielezi kwa nini mwaka mmoja wa utu uzima huwa mrefu na unaoufuata mfupi, ilhali uwiano wao karibu ni sawa. William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia Mmarekani aliyelinukuu wazo hilo mwaka 1890, aliona kwamba linaeleza hali bila kutoa sababu. Yeye aliielekeza sababu kwenye mazoea: siku zikifanana, zinayeyuka pamoja, na mwaka unabaki ganda tupu.

Kumbe ni mazoea ndiyo yanayokula miaka?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, ingawa si hayo peke yake. Ubongo hauhifadhi kila mlango uliowahi kuufungua. Jambo likijirudia, huwekwa mara moja kama kawaida, na marudio hayapewi nafasi. Mtoto kawaida zake ni chache. Anafungua faili jipya karibu kila siku. Watu wazima wanapoulizwa kumbukumbu za maisha yao, nyingi hurundikana kati ya miaka 10 na 30, kipindi chenye mambo mengi ya mara ya kwanza.

Lakini tusivuke mpaka. Mwaka 2005 Marc Wittmann na Sandra Lehnhoff waliwauliza watu 499 wa Ujerumani na Austria, wenye umri wa miaka 14 hadi 94, muda unapita kwa kasi gani kwao. Karibu kila kundi lilisema unakwenda haraka, vijana kwa wazee. Kwa wiki au mwezi uliopita, umri ulileta tofauti ndogo sana. Tofauti ilijitokeza walipoulizwa kuhusu miaka 10 iliyopita: hapo wakubwa waliiona imekimbia kuliko vijana. Kwa hiyo anayesema "siku hizi wiki haziwi wiki" huenda analalamikia shughuli zake kuliko umri wake. Wahenga walishasema usiku wa deni haukawii kucha, na methali hiyo haikutaja miaka ya mdaiwa.

Na wazee, je, hukadiria vibaya zaidi?

Hukadiria tofauti. Katika miaka ya 1990, Peter Mangan wa Marekani aliwaomba watu waseme dakika 3 zimetimia wakati gani, kwa kukisia tu. Vijana wa miaka 19 hadi 24 walisema baada ya dakika 3 na sekunde 3 kwa wastani. Wa miaka 60 hadi 80 walisema baada ya dakika 3 na sekunde 40. Kundi lilikuwa dogo, na wengine waliofuata hawakupata tofauti kubwa kila mara, lakini mwelekeo unaeleweka: saa ya ndani ikichelewa, ya ukutani huonekana inakimbia.

Unaweza kucheza mchezo huo nyumbani kwa dakika moja, macho yamefumbwa. Usishangae mtoto akipiga kelele "tayari!" mapema mno. Mara nyingi hapo unapima subira yake pamoja na muda.

Hofu hurefusha muda kwa wote?

Ndiyo, na huanza utotoni. Watoto wadogo, hata wa miaka 3, wakionyeshwa uso wenye hasira huuona umekaa muda mrefu kuliko uso mtulivu uliokaa sawa nao.

Kwa watu wazima, Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walikwenda mbali zaidi mwaka 2007: waliwaangusha washiriki kinyumenyume kutoka urefu wa mita 31, wakapokelewa na wavu. Kwa wastani, kila mmoja aliona anguko lake lilikawia zaidi ya theluthi moja kuliko anguko la wenzake. Mkononi alikuwa na kifaa chenye tarakimu zinazobadilika haraka mno zisisomeke. Kama kweli macho yangekuwa yanaona polepole, angezisoma. Hakuzisoma. Urefu ule uliingia baadaye, kwenye kumbukumbu.

Mtoto wangu ana miaka kumi na bado hana habari na muda. Nimpeleke kwa daktari?

Kuchelewa peke yake si ugonjwa. Ila inajulikana kwamba watoto wenye tatizo la umakini na utulivu hukosea zaidi katika kukadiria muda, kwa kuwa umakini ndio unaoukusanya. Kama kuna dalili nyingine shuleni na nyumbani, kaongee na mtaalamu. Kama tatizo ni kwamba huchelewa kuvaa viatu tu, basi ana miaka kumi.

Nikimwambia mtoto "nakuja sasa hivi", anaelewa nini?

Anaelewa kile ulichomfundisha. Kama "sasa hivi" ya jana ilikuwa dakika mbili, na ya juzi ilikuwa saa nzima ya simu, neno hilo limebaki sauti tu.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, kipindi hueleweka kwa kulinganishwa na jambo analolijua: "ukimaliza kuoga na kuvaa", "tukishalala mara mbili". Kifaa kinachoonyesha muda ukipungua, kama chupa ya mchanga, humsaidia kuliko tarakimu, maana humgeuzia muda ukawa kiasi cha kutazama, na kiasi anakifahamu. Mtoto wa miaka minane unaweza kumfundisha kuhesabu kimoyomoyo na kusoma saa ya mishale, ambayo inaonyesha robo na nusu kama vipande vya duara.

Na usimwambie dakika tano kama ni arobaini. Sema ni ndefu, mpe cha kufanya, na ukirudi mwonyeshe saa ilipofika.